Je, Harusi Yetu Yaweza Kuwa na Utani?



Nimepokea barua ndefu kutoka kwa wachumba wawili. Sitawataja majina wala parokia yao, lakini wameniruhusu kueleza yote waliyoandika, nami naona swali lao si lao peke yao. Bwana ni mlinda lango wa timu ya kijiji, na kazi yake ni kutengeneza baiskeli. Bibi ni mwalimu wa chekechea. Wanasema wote wawili ni watu wa kucheka, ndivyo walivyojuana, na hawaoni kwa nini siku ya harusi wanune kama watu walioitwa kwa chifu.

Basi wamepanga hivi. Watafika kanisani kwa baiskeli iliyopambwa maua. Keki hawataki. Wanataka mnara wa chapati, kwa sababu siku ya kwanza kuonana walikuwa wakigombea chapati ya mwisho katika karamu ya jumuiya. Badala ya hotuba, wageni watategeana vitendawili, upande wa bwana na upande wa bibi. Wasimamizi wao watakuwa watoto wawili wa chekechea. Na kubwa kuliko yote, padre atakapomwuliza bwana harusi kama amekubali, yeye atageuka na kukimbia hadi mlangoni, kanisa zima lishtuke, kisha arudi akicheka na kusema ndiyo.

Baba wa bibi harusi amesikia mipango hii na amesema hatakanyaga kanisani siku hiyo. Hakumlea binti yake, amesema, ili aje kuchekwa na watu. Wachumba wananiuliza, "Katekista, je, tunatenda dhambi?"

Wapendwa, kabla sijawajibu, niwaambie habari zangu mwenyewe. Mimi nilifunga ndoa mwaka 2006. Kamati ya harusi ilikutana mara tisa, na katika mikutano hiyo yote mimi na mchumba wangu tuliulizwa jambo moja tu, yaani rangi ya vitambaa. Tukasema kijani. Ikawa zambarau, kwa kuwa mwenye kukodisha alikuwa na zambarau. Nilivaa suti ya kuazima iliyonipita mabegani. Tukakodi gari jeupe la kifahari kutoka mjini, likakwama kwenye matope karibu na kanisa, na vijana wa kwaya wakalisukuma wakiwa ndani ya majoho yao. Deni la gari hilo nililipa kwa miezi minane. Miaka mingi baadaye mtoto wetu alikuwa akitazama albamu, akanionyesha kwa kidole na kuuliza, "Mama, huyu mtu ni nani?" Mke wangu akacheka, akasema, "Hata mimi siku hiyo sikumjua." Tulicheka sote, lakini neno hilo lilinikaa moyoni.

Kwa hiyo msidhani kwamba harusi ya kawaida ndiyo ya kweli na yenu ndiyo maigizo. Mara nyingi sisi wa harusi za kawaida ndio tulioigiza. Tuliigiza matajiri.

Na hiyo kawaida imetoka wapi? Vazi jeupe la bibi harusi lilienea baada ya Malkia Victoria wa Uingereza kulivaa alipoolewa mwaka 1840. Si la Biblia wala si la babu zetu. Gari refu, keki ya ghorofa, msururu wa wasichana kumi na wawili waliovaa sare, hakuna hata kimoja kilichoagizwa na Kanisa. Kitabu cha ibada ya ndoa kinaeleza kwamba bwana na bibi waweza kuingia kanisani pamoja, wakisindikizwa na wazazi wao na mashahidi wawili. Yaani wazazi wa pande zote mbili, baba na mama. Ni wangapi kati yetu tumewahi kuona hivyo? Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Konstitusio juu ya Liturujia ya mwaka 1963, namba 77, ulitaka desturi njema za kila mahali katika ndoa zihifadhiwe. Naye hayati Papa Fransisko katika Wosia wake wa Kitume Amoris Laetitia wa mwaka 2016, namba 212, alisikitika kwamba wachumba hufika mbele ya altare wakiwa wamechoka hoi kwa sababu ya nguo, kadi na karamu, na kwamba wengine hawafungi ndoa kabisa kwa kuogopa gharama. Aliwahimiza wachumba wawe na ujasiri wa kuwa tofauti.

Jambo hilo la gharama tunalijua sana hapa Kenya. Katika kila jumuiya ninayotembelea kuna watu walioishi pamoja miaka mitano, kumi, hawapokei Ekaristi, na ukiwauliza wanakuambia, "Katekista, tunajipanga." Wanajipangia nini? Mahema na nyama. Mwaka 2017 magazeti yetu yaliandika habari za wachumba waliofunga ndoa kwa shilingi 100 tu, bei ya pete mbili. Watu waliwahurumia, wakawaandalia harusi nyingine kubwa. Sikatai wema huo, lakini mimi niliona ile ya kwanza ilikuwa imetosha.

Kwa hiyo baiskeli, ndiyo. Chapati, ndiyo. Bwana wetu Yesu Kristu alipoalikwa Kana ya Galilaya hakuwaambia watu wapunguze furaha. Mitungi ile sita ya mawe, tukifuata vipimo anavyovitaja Yohane, ilibeba zaidi ya lita 400, na divai yote hiyo ilikuwa ya karamu iliyokwisha kuanza zamani. Na msifikiri utani wa harusi umeletwa na vijana wa siku hizi wanaotaka kuonekana kwenye simu. Kwa Wakikuyu, siku ya ruracio wasichana hufunikwa leso kutoka kichwani hadi miguuni, wakapangwa mstari, na bwana harusi hutakiwa kumtambua wake. Akikosea hutozwa faini, na wazee hucheka mpaka machozi. Hakuna mzee aliyewahi kuondoka kwa hasira kwa sababu ya mchezo huo.

Lakini sasa nifike kwenye lile la kukimbia mlangoni, kwa maana hapo nawazuia.

Kanuni ya 1057 ya Sheria ya Kanisa inasema kwamba kinachofanya ndoa ni ukubali wa wale wawili, na hakuna mamlaka yoyote ya kibinadamu iwezayo kukubali kwa niaba yao. Fikirini uzito wake. Si padre anayewafungisha, si kwaya, si pete. Ni neno lenu. Padre yupo ili aliulize na kulipokea kwa jina la Kanisa, na mashahidi wapo ili walisikie. Sherehe nzima imesimama juu ya neno hilo kama nyumba juu ya msingi. Mtu akiulizwa kama amekuja kwa hiari yake, naye akakimbia, padre hawezi kucheka na kuendelea. Atasimamisha ibada, na ana haki kusimamisha, kwa kuwa kazi yake ni kuhakikisha hakuna anayelazimishwa. Kuna mabinti katika nchi hii ambao wametamani kukimbia mlango huo kwa kweli wakakosa nguvu. Tusiufanyie mzaha.

Tena kuna jambo jingine. Mwishoni kabisa mwa barua yenu, chini ya majina yenu mawili, kuna mstari mmoja umeandikwa kwa wino mwingine na mkono mwingine. Unasema, "Mimi hicho cha kukimbia sijakipenda sana, ila yeye anasema ni mzaha tu." Nimefikiri sana kama niunakili hapa, kwa sababu sina hakika kwamba bwana harusi aliuona. Lakini mliniruhusu kueleza yote, na huo ndio mstari nilioushughulikia kuliko barua yote. Baiskeli ni ya wote wawili. Chapati ni za wote wawili. Mbio hizo ni za mmoja, na mwenzake atabaki amesimama peke yake mbele ya altare, watu wakimtazama kwa huruma, akihesabu hatua za mwanamume anayemwacha. Hata kama anajua atarudi. Mama yake hajui.

Fungueni kitabu cha Waamuzi, sura ya 14. Huko mtakuta harusi ya michezo kama yenu. Samsoni alifanya karamu ya siku saba kule Timna, akawategea kitendawili vijana thelathini waliowekwa kuwa wenzake. Wakikitegua, atawapa mavazi ya kitani thelathini na mavazi ya kubadili thelathini. Wakishindwa, watampa yeye. Mchezo mzuri, nasi sote tunaupenda. Lakini tazameni nani aliyeulipia. Wale vijana hawakutaka kushindwa, wakamtisha bibi harusi kwamba watamchoma moto yeye na nyumba ya baba yake. Msichana yule alilia mbele ya mumewe siku zote za karamu. Samsoni alifikiri machozi hayo ni ya kudeka. Hakuuliza. Mwisho watu thelathini wa Ashkeloni waliuawa ili mavazi yapatikane, Samsoni akarudi kwa baba yake na hasira, na bibi harusi akapewa msimamizi wake. Kitendawili hakikuwa na kosa. Kosa ni kwamba katika harusi ile mmoja alicheka na mwingine akalia, na aliyecheka hakuona.

Kwa hiyo tegeni vitendawili vyenu, ila zawadi iwe mche wa sabuni au sufuria ndogo. Na kasirikeni kabisa mtu akitega kinachodharau kabila la upande wa pili, au umbo la mtu, au uwezo wa wakwe. Wekeni mzee mmoja mcheshi awe hakimu, maana vijana wakiachiwa kipaza sauti hawajui mahali pa kukomea.

Nataka niwasimulie pia wachumba wengine, niliowafundisha miaka michache iliyopita. Bwana alikuwa fundi wa redio, anajulikana soko zima kwa vichekesho. Alikuja kwangu akasema anataka kuimba maneno ya kiapo kama wimbo wa kuchekesha. Nilikasirika. Nikamwambia hapa si ukumbi wa dansi. Akacheka, akaondoka. Mchumba wake alibaki nyuma, akaniambia polepole, "Katekista, yeye ana kigugumizi. Akiimba au akitania maneno hutoka. Akitakiwa kusema jambo zito hukwama kabisa. Anaogopa kusimama mbele ya watu mia nne ashindwe kusema jina langu."

Nilikuwa nimemfundisha kijana huyo kwa majuma sita wala sikugundua. Kila swali nililomwuliza alinijibu kwa utani, nami nikamwandika moyoni kuwa ni mtu asiye makini.

Tulikwenda kwa padre sote watatu. Padre akafungua kitabu chake cha ibada, akatuonyesha kwamba bwana na bibi wasipotamka maneno yote wao wenyewe, padre aweza kuwauliza kwa swali nao wakajibu kwa ufupi. Imo humo siku zote. Tena kanuni ya 1104 inasema wachumba waeleze ukubali wao kwa maneno, na wasioweza kusema waeleze kwa ishara zenye maana hiyo. Ninyi mnaodhani sheria za Kanisa zimeandikwa kwa watu wasio na dosari, ziulizieni.

Siku ilipofika padre aliuliza swali. Kijana akafungua mdomo, neno halikutoka. Kanisa likanyamaza. Bibi mmoja mzee nyuma yangu akaanza Salamu Maria kwa sauti. Mtoto mmoja akacheka, akafinywa na mama yake. Mimi nilimtazama bibi harusi. Hakumsaidia kulisema, hakuinamisha macho, hakumbana mkono. Alimngojea tu, kama mtu anayengojea mwenzake avuke mto. Neno likatoka. Ni neno moja, "Ndiyo", na nawaambia sijasikia kiapo kirefu kilichonifanya nitetemeke vile. Kisha nje, chini ya mwembe, alichukua gitaa akaimba karibu nusu saa jinsi wakwe zake walivyohesabu mbuzi wa mahari mara mbili na kupata hesabu mbili tofauti. Baba mkwe alicheka hadi akatoa kofia.

Hapo ndipo mimi nilipojifunza mahali pa mpaka. Mwembe ulikuwa mwembe, na altare ilikuwa altare, lakini kijana alikuwa yule yule. Hakuwa amegeuzwa mtu mwingine kwa ajili ya siku moja.

Sasa turudi kwa mzee, baba wa bibi harusi. Msimpuuze, wala msimtumie ujumbe kwenye kile kikundi cha WhatsApp cha harusi. Nendeni wote wawili, na sukari na majani ya chai mkononi, mkakae. Mimi simjui, lakini nawajua wazee wa namna yake. Huenda kwa miaka ishirini amechangia harusi za watoto wa wenzake, amesimama foleni kutia noti kwenye kikapu, na siku hizi hutuma kwa M-Pesa. Sasa zamu yake imefika, na binti yake anakuja kwa baiskeli. Haogopi utani. Anaogopa wageni watasema hana uwezo. Mwelezeni habari ya chapati ile ya mwisho, maana pengine hajawahi kuisikia. Mwombeni yeye na mama, pamoja na wazazi wa bwana, waingie nanyi kanisani mstari mmoja. Mwombeni atege kitendawili cha kwanza. Na akitaka jambo moja lifanywe kwa njia yake, tuseme suti nyeusi au hotuba fupi, mpeni, tena bila kunung'unika. Harusi ni yenu, lakini binti ni wake.

Kuhusu wale watoto wa chekechea, watangulie na maua na waimbe watakavyo. Lakini kanuni ya 1108 inataka mashahidi wawili, na shahidi ni mtu awezaye kueleza baadaye alichokiona na kutia sahihi kwenye daftari. Tafuteni watu wazima wawili, na afadhali wawe wanandoa mnaoweza kuwagongea mlango usiku mkigombana. Masomo ya Misa mwaweza kuyachagua wenyewe pamoja na padre, na hapo nawashangaa wachumba wengi wanaoiachia kwaya. Someni Tobiti sura ya 8. Mtakuta sala ya Tobia na Sara usiku wa arusi yao, na wakati huo huo baba mkwe Ragueli yuko nje anachimba kaburi la bwana harusi, kwa sababu waume saba wa kwanza walikufa wote. Alipoambiwa kijana yu hai, akaamuru kaburi lifukiwe kabla ya mapambazuko watu wasijue, kisha akafanya karamu ya siku kumi na nne. Ninyi watu wa kucheka mtaipenda. Sehemu ya sala yao husomwa katika Misa za ndoa, ile ya kaburi mtasimuliana wenyewe.

Mengine ni madogo. Mwonyesheni paroko mipango yote mapema, kabla ya matangazo kusomwa, ili asikutane na baiskeli mlangoni bila habari. Mnyororo wa baiskeli ufunikwe vizuri, maana gauni refu na mnyororo ni maadui, na wewe fundi wajua kuliko mimi. Wenye kamera wasipande altareni. Chapati zipikwe asubuhi hiyo hiyo, si jana yake.

Mmeniuliza kama ni dhambi. Si dhambi kufurahi kwa namna yenu. Lakini bwana harusi, kabla hujapaka rangi hiyo baiskeli, keti na mchumba wako mkiwa wawili tu, bila marafiki wa timu, umwulize habari ya ule mstari wa mwisho. Usimjibu upesi. Usitanie. Ukishamsikia, niandikieni tarehe, nami nitakuja na mke wangu, upande wa bibi, tuna vitendawili vitatu ambavyo timu yako haitaviweza.